Wimbo Uliokatwa Katikati

Kwenye santuri nyingi zilizotengenezwa Nairobi miaka ya 1970, wimbo hauishi. Upande wa kwanza unaanza taratibu: gitaa la solo linapiga hodi, besi linaitikia, kisha mwimbaji anatoa kisa chake. Mke kahama, mshahara haujatoka, rafiki wa kufa na kuzikana kageuka nyoka. Zinapita dakika tatu au nne, magitaa yanaanza kukolea, na pale hasa ambapo mchezaji kashaiacha glasi yake mezani na kusimama, sauti inafifia. Kibandiko cha katikati kinasema hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza. Ya pili iko nyuma, na humo ndimo limo chemko, lile ambalo Wakongo huliita sebene, yaani kipande ambacho kwa kweli ndicho kilichomtoa mtu nyumbani.

Sababu ni nafasi tu. Sahani ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, haiwezi kubeba wimbo ambao bendi iliuzoea kuupiga dakika kumi ukumbini. Prodyuza aliukata mahali palipomwezekania, akaugawa pande mbili, akauza. Msikilizaji wa nyumbani hakuona taabu: alinyanyuka, akageuza, akakaa. Aliyepata taabu ni dijei. Watu wako uwanjani, jasho linawatoka, na yeye anatakiwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kuwakata miguu. Dawa yake ilikuwa moja, nayo ilimgharimu: nakala mbili za santuri ileile na deki mbili. Ya kwanza ikikaribia kufifia, sindano ya deki ya pili tayari imeshategwa kwenye ukingo wa upande wa nyuma. Mwenye nakala moja ilibidi azibe pengo kwa mdomo, ashike maikrofoni asalimie meza moja moja huku mkono mwingine ukigeuza.

Ndiyo maana mkusanyaji wa leo akikuta nakala mbili za wimbo mmoja ndani ya boksi moja huanza kuuliza maswali. Nyumba ya kawaida hainunui wimbo mmoja mara mbili. Boksi la namna hiyo mara nyingi limetoka kwa mtu wa kazi.

Kufikia miaka hiyo ya 1970, biashara ya santuri ilikuwa na karibu nusu karne nyuma yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyewahi kutembeza vyungu mitaani, alipanda meli na wapigaji wake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, wenye lebo ya His Master's Voice, ile ya mbwa aliyeinamia bomba. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwenye santuri. Aliimba Kiswahili wakati taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu, na sahani zake zikafika mbali kuliko miguu yake ilivyowahi kufika. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kitabu ambacho wanafunzi wa fasihi wanakijua vizuri kuliko nyimbo zenyewe.

Sahani za wakati huo hazikuwa za plastiki. Zilifinyangwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wanaoishi kwenye miti ya India na jirani zake, kwa hiyo hata malighafi ilikuwa ya upande wa pili wa bahari. Zilikuwa nzito, zilizunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande, na zikiponyoka mkononi zilivunjika kama sahani ya wali. Gramafoni haikutaka umeme. Ilitiwa nguvu kwa kuzungusha mkono, na sindano yake ya chuma ilichakaa haraka kiasi kwamba mwenye mali makini aliibadilisha kila baada ya upande mmoja. Sindano ziliuzwa kwenye vikopo vidogo vya bati, na mkusanyaji akikiona kikopo hicho siku hizi hununua hata kama hana gramafoni.

Gramafoni moja ilitosha mtaa. Na ushawishi wake ulifika pasipotarajiwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka na mashine yake akirekodi muziki wa Afrika, aliwakuta wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo kuhusu mtu wa ajabu aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika kijijini. Walichosikia kwenye sahani wakakigeuza kuwa chao, na Tracey akakirekodi hicho kipya. Rekodi ikahifadhiwa katika maktaba ya muziki ya ILAM, Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 ilipita kabla nakala yake haijarudishwa kwa Wakipsigis.

Miaka miwili baadaye, 1952, Tracey huyohuyo alikuwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, katika Katanga, Kongo. Huko alimrekodi kijana aitwaye Mwenda wa Bayeke Jean Bosco akipiga "Masanga" kwa gitaa moja ambalo mtu asiyeona angeapa ni mawili. Sahani hiyo ilisafiri. Wapigaji wa Nairobi waliisikiliza, wakairudia, wakajaribu kuiba vidole vyake. Mwenda mwenyewe aliishia kuletwa Nairobi na Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani aliyeelewa kabla ya wenzake kwamba gitaa linaweza kuuza vidonge na soda. Kiswahili cha Katanga hakikumsumbua mtu River Road ya Nairobi wala Kariakoo ya Dar es Salaam.

Kizazi cha kwanza cha wapiga gitaa wa mjini kilikuwa kimeshapitia vita. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, alikuwa katika kikosi cha burudani cha askari wa Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi na ujuzi na masikio yaliyojaa rumba na dansi za kizungu. Nyimbo zake kama "Tausi" zilichapwa kwenye santuri, na kufikia miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha kuzichapa. Hapo ndipo mji huo ulipojipatia nafasi ambayo haukuiachia kwa miaka 30 na zaidi. Aliyetaka santuri, awe wa Tanga, Kisumu, Kampala au Lubumbashi, njia yake ilipitia Nairobi.

Miaka ya 1960 studio iliyotajwa zaidi ilikuwa Equator, ya Mwingereza Charles Worrod. Fadhili William alitoa "Malaika" huko. Daudi Kabaka alitoa "Helule Helule", ambayo mwaka 1968 kikundi cha Uingereza kiitwacho The Tremeloes kiliirekodi upya na kuipandisha kwenye chati za kwao. Lakini Equator ilikuwa studio ya Mzungu yenye bendi ya kuajiriwa, na Wakenya waliokuwa wakiimba humo walikuwa na hesabu zao kichwani. David Amunga alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufungua duka na lebo yake mwenyewe, Mwangaza. Joseph Kamaru akafuata na City Sounds. Wahindi waliokuwa na maduka ya redio na gramafoni nao waliingia: Melodica ya Mtaa wa Tom Mboya, na kule Mombasa, Assanand na wanawe wenye lebo ya Mzuri, ambayo bila yake taarabu ya Mombasa ya miaka hiyo ingebaki kwenye vichwa vya waliokuwa harusini.

River Road ikawa ni maduka yaliyopakana, kila moja na spika mlangoni. Mwenye duka alikuwa prodyuza, mwenye lebo, muuzaji wa jumla na wa rejareja. Mwanamuziki alikuja na wimbo, wakakubaliana bei, wakalipia saa za studio, kisha mkanda ukapelekwa kiwandani. Wimbo mpya ulijaribiwa palepale barabarani: ukipigwa kwenye spika na wapita njia wakasimama, kiwanda kiliagizwa nakala zaidi. Wakiendelea na safari zao, basi. Gabriel Omolo alisimamisha wengi. "Lunch Time" yake, kuhusu wafanyakazi wa mjini na mbinu zao za kuipitisha saa ya chakula cha mchana bila senti mfukoni, ilimpa santuri ya dhahabu.

Anayetaka kuielewa River Road hahitaji kitabu kwanza. Achukue santuri moja ya inchi 7 aiinamishe kwenye mwanga. Katikati kuna kibandiko chenye rangi mbili, kwa sababu rangi ya tatu ni gharama. Juu, jina la lebo na mchoro wake. Pembeni, namba ya katalogi inayoanza na herufi za kampuni. Chini, jina la wimbo, sehemu ya kwanza au ya pili, mtunzi kwenye mabano, bendi, na wakati mwingine sanduku la posta la duka. Kisha vinakuja vitu ambavyo kampuni haikuviandika: jina la mwenye mali kwa kalamu ya wino, muhuri wa baa, namba iliyobandikwa ili iendane na kitufe cha mashine ya kutumbukiza sarafu. Na ukiisogeza karibu na jicho, kwenye ile sehemu laini kati ya mifereji na kibandiko, kuna namba zilizokwaruzwa kwa mkono wa fundi aliyetayarisha bamba la kuchapia. Namba hizo hazidanganyi. Lebo inaweza kubandikwa kimakosa, na ilibandikwa kimakosa mara nyingi, lakini mkwaruzo wa fundi unasema ni rekodi ipi iliyomo. Wakusanyaji wazoefu huanza huko kabla ya kusoma jina la wimbo.

Lebo zilikuwa nyingi mno kwa sababu prodyuza mmoja aliweza kuwa na nyingi. Bingwa wa mchezo huo alikuwa Phares Oluoch Kanindo, aliyekuja kuwa mbunge. Katika miaka ya 1970 alizigawa bendi za benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, kwenye lebo zake, nyingine akaipa jina Lolwe, yaani Ziwa Victoria kwa Kijaluo, na nyingine akaiita Sungura. Hakutosheka na soko la nyumbani. Alipeleka santuri kusini, na huko Rhodesia, nchi iliyokuwa vitani na iliyokuja kuwa Zimbabwe, benga ilishika moto. Wanunuzi wa Salisbury, Harare ya leo, na Bulawayo hawakujua Kijaluo. Waliona jina kwenye kibandiko na kuuita muziki wote huo kanindo. Baadaye vijana wa huko walipoanza kupiga wenyewe, mtindo wao ukachukua jina la lebo ya pili: sungura. Leo ni muziki wa dansi unaopendwa sana Zimbabwe, una mastaa wake kama Alick Macheso, na una jina la Kiswahili ambalo hakuna Mswahili aliyewapelekea kwa mdomo. Lilisafiri likiwa limechapwa kwenye karatasi ya duara.

Tanzania ni kisa kingine, na ndicho kinachowaumiza vichwa wakusanyaji.

Kwa wingi wa bendi, hakuna nchi jirani iliyoifikia. NUTA, Urafiki, Vijana, Morogoro, Western, Dar es Salaam Jazz: mashirika ya umma, vyama na viwanda vilimiliki baadhi yake kama vilivyomiliki mabasi ya wafanyakazi. Wanamuziki wake walikuwa na mishahara, vyombo na kumbi. Kilichokosekana ni kiwanda cha santuri. Mipango ya kujenga kimoja chini ya Shirika la Filamu Tanzania haikuzaa kiwanda kinachofanya kazi. Kwa hiyo bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), kwenye mikanda mikubwa, kwa ajili ya matangazo. Nchi nzima ilizijua nyimbo hizo kwa moyo na hakuna aliyeweza kuzinunua.

Wanamuziki walioweza walipanda basi kwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa amepeleka gitaa la Morogoro Jazz hadi maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, alirekodi huko nyimbo zilizotolewa kwa lebo ya Polydor, na baada ya kifo chake katika ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, kampuni iliendelea kutoa mfululizo wa santuri ndefu za "Ukumbusho". Ndugu Wilson na George Kinyonga wa Tanga walihamia Kenya moja kwa moja na kuunda Simba Wanyika, ambayo ilizaa Les Wanyika, ambao "Sina Makosa" yao bado inapigwa kwenye kila sherehe kati ya Tanga na Busia. Swali kama hao ni Watanzania au Wakenya limekuwa likiwagombanisha watu baa kwa miongo, na santuri zao haziwasaidii, kwa maana zote zimeandikwa Nairobi.

Kisha, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ulibaki umefungwa hadi 1983. Wanasiasa waligawana ndege, meli na madeni ya reli. Muziki haukuwa kwenye orodha. Lakini ukitazama rafu ya mkusanyaji mzuri unauona mpaka huo kwa macho. Dansi ya Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1970 ipo, yenye vibandiko vya Nairobi. Baada ya hapo inapungua ghafla, ilhali ni miaka hiyohiyo ambapo Mlimani Park, Sikinde wenyewe, walioanzishwa 1978, walikuwa wakitunga nyimbo ambazo watu wazima Dar es Salaam bado wanalia nazo. Baadhi ya rekodi za redio zilipenya na kuchapwa Kenya. Zilizo nyingi zilibaki kwenye mikanda ya RTD, kando ya Barabara ya Pugu, na kama mkanda uliharibika, wimbo ulikwenda nao.

Hapo ndipo simulizi la kwamba santuri "ziliuokoa" muziki wa Afrika Mashariki linahitaji kupunguzwa sukari. Ziliuokoa ule uliokuwa na kiwanda karibu, prodyuza mwenye mtaji na barabara isiyo na kizuizi. Ubora haukuingia kwenye hesabu hiyo.

Upande wa usikilizaji, redio ndiyo iliyokuwa ikitengeneza njaa. Vipindi vya salamu vilifanya kazi ambayo kampuni zisingeweza kuilipia: msikilizaji alituma kadi, akataja majina ya jamaa na marafiki mpaka mtangazaji akakosa pumzi, kisha akaomba wimbo. Baa ilinunua kilichoombwa redioni. Mwaka 1980 redio ya taifa, Sauti ya Kenya, ilipoamriwa kujaza robo tatu ya muziki wake kwa nyimbo za Kenya, amri haikudumu, lakini mzozo ulionyesha kila upande ulikuwa unapata nini. Maduka yaliyouza muziki wa nje yaliona hatari. Bendi za Kikongo zilizohamia Nairobi, Super Mazembe, Baba Gaston, Les Mangelepa, Virunga ya Samba Mapangala, zilikuwa katikati, kwa sababu zilirekodi Nairobi, ziliishi Nairobi, ziliimba Kilingala na Kiswahili, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ziko fungu gani.

Dijei aliibuka katikati ya mvutano huo. Bendi ilikuwa watu kumi na kitu, vyombo, lori na ugomvi wa malipo. Disko ilikuwa mtu mmoja, msaidizi, deki mbili, vikuza sauti na masanduku ya santuri nyuma ya pikapu. Mwenye ukumbi hakuhitaji kikokotoo. Miaka ya 1970 ikielekea 1980, disko za kukodishwa ziliingia kwenye harusi, kumbi za shule, hoteli za ufukweni, na Dar es Salaam hata watoto walikuwa na lao, disko toto la Idi na Krismasi. Dijei alikuwa na funki ya Marekani, rege na Kikongo kwenye sanduku moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kujua lini atoe kipi. Wapigaji wa bendi hawakumpenda. Wana haki yao: watu waliotumia santuri zao kupata riziki ndio waliowapunguzia maonyesho.

Santuri zilizopita mikononi mwa dijei zinatambulika haraka. Mifereji ya mwanzo wa wimbo imegeuka rangi ya majivu, kwa kuwa hapo ndipo sindano ilipotegwa, ikarudishwa nyuma kwa kidole, ikategwa tena. Kibandiko kimechubuka kuzunguka tundu. Pengine kuna alama ya chaki au kipande cha gundi kuonyesha mahali pa kuanzia. Mkusanyaji wa kawaida anakataa kitu kama hicho na kutafuta nakala safi, na hapo anajiingiza kwenye mtego wa biashara hii: nakala safi ya santuri ya Nairobi mara nyingi ni ya wimbo uliokosa wapenzi. Ilikaa dukani, ikarudishwa stoo, ikasahauliwa. Wimbo uliopendwa ulipigwa mpaka ukaisha. Ndiyo sababu kazi zilizouzwa sana zinaweza kuwa ngumu kupatikana zikiwa na sauti nzuri, huku bendi ambayo hakuna anayeikumbuka ikipatikana kama ilivyotoka kiwandani jana.

Kilichoiua santuri ni kaseti, na kaseti haikuwa na haya. Ilikuwa rahisi, haikukwaruzika, ilicheza kwenye matatu na lori, na mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kuizidisha. Maharamia walichukua nyimbo sita za prodyuza sita tofauti, wakaziweka kwenye kanda moja, wakaiuza kwa bei ya chini. Kwa Mombasa kanda ilikuwa na faida ya ziada: harusi ya taarabu ya usiku kucha haiingii kwenye sahani ya inchi 7, lakini inaingia kwenye kanda mbili au tatu, na maduka kama Mbwana Radio Service yalijenga jina kwa kuzirekodi na kuziuza. Chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kilianzishwa Kenya mwaka 1983, wakati maharamia wameshakomaa. Kampuni za kimataifa zilijiondoa moja baada ya nyingine, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchapaji wa santuri Nairobi ulikuwa umekwisha.

Baada ya hapo santuri zilikuwa mzigo. Zilipelekwa shamba, zikawekwa darini, zikauzwa kwa kilo, zikageuzwa saa za ukutani na mabakuli ya maua kwa kuzipasha moto. Redio zilipohamia kwenye diski na kompyuta, rafu zao nazo zilitikiswa.

Walioanza kuzichukua kwa uzito walikuwa wachache, na wengine walikuja na vyeti vya utafiti. John Storm Roberts, mwandishi wa habari Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi miaka ya 1960, alirudi kwao na masanduku, na miaka ya 1980 akawa akitoa mikusanyo ya nyimbo za Kenya kutoka kampuni yake ndogo huko Marekani. Doug Paterson na Werner Graebner waliandika orodha za lebo na bendi kwa subira ambayo kampuni zenyewe hazikuwa nayo. Graebner ndiye aliye nyuma ya mfululizo wa "Zanzibara" uliotolewa Ufaransa. Kizazi kilichofuata kilikuwa cha madijei wa Ulaya: mwaka 2013 Soundway ya Uingereza ilitoa "Kenya Special", na ghafla nyimbo ambazo zilikuwa zimeozea River Road zikawa zinachezwa London na Berlin. Wanunuzi wakaja na orodha mkononi. Bei ikapanda kwa nyimbo zenye ladha ya funki, si kwa zile ambazo Wakenya wenyewe walizipenda, na mzee mwenye boksi akashangaa kuona mgeni akipita juu ya Kamaru na Mbaraka kutafuta bendi ya hoteli iliyorekodi mara moja tu.

Ni haki kuwalaumu? Kwa kiasi. Mara nyingi walilipa kilichoombwa, na santuri nyingi zilikuwa njiani kuelekea jalalani. Ila boksi likishatoka nchini haliji tena kukaguliwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, na kwa muda mrefu wanunuzi wa ndani walikuwa hawashindani.

Sasa wanashindana. Soko la Kenyatta, Nairobi, linajulikana kwa nyama choma na wasusi, lakini kibanda namba 570 ni cha James Rugami, Jimmy kwa wateja, ambaye ameuza santuri hapo kwa miaka mingi na kufanya mashine za zamani zizunguke tena. Wateja wake wengi wamezaliwa baada ya kiwanda cha mwisho kufungwa. Wanajifunza kwa kukosea: kwamba sahani husimamishwa wima, haipangwi juu ya mwenzake, la sivyo inapinda; kwamba huoshwa kwa maji yaliyochujwa na sabuni laini, kwa kitambaa kinachofuata mifereji kwa mzunguko, huku kibandiko kikikingwa kisilowe; kwamba hewa ya Mombasa huotesha ukungu mweupe ndani ya bahasha, na bahasha yenyewe ndiyo ya kutupa kwanza; kwamba shelaki haiguswi kwa spiriti kamwe, kwani spiriti huiyeyusha. Sindano mbovu hula santuri nzima kwa jioni moja.

Kazi iliyo ngumu zaidi haihusu sabuni. Atakayetaka kuchapa upya wimbo wa mwaka 1975 lazima ampate mwenye haki, na malipo ya River Road mara nyingi yalikuwa ya mkupuo, kwa mkono, na risiti za daftari la duka ambalo limeshakuwa duka la simu. Mwanamuziki anasema wimbo ni wake, warithi wa prodyuza wanasema waliununua, kampuni ya kigeni iliyonunua kampuni iliyonunua kampuni haijui kama inaumiliki. Hata "Malaika", wimbo uliovuka dunia nzima, umegombewa na zaidi ya mtunzi mmoja.

Familia ya Kamaru imechukua njia yake. Mzee alifariki Oktoba 2018, akiwa ameacha mamia ya nyimbo za Kikuyu zilizosambaa kwenye santuri za inchi 7, nyingine zikiwa zile zilizomtia matatani na serikali, kama ule alioutoa baada ya mauaji ya mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975. Mjukuu wake, aliyerithi jina lote la babu kama desturi inavyotaka, ni mwanamuziki wa kielektroniki anayejulikana ulimwenguni kama KMRU. Kati ya safari zake za maonyesho ya muziki usio na ngoma wala sauti ya mtu, amekuwa akizikusanya nyimbo za babu yake na kuzitoa upya kwenye intaneti, toleo baada ya toleo, huku jina la Joseph Kamaru likisimama kwenye jalada kwa niaba ya wote wawili.